Nilizima pagefile, sasa programu zinajifunga

SWALI: Shikamoo fundi. Laptop yangu ni Windows 10, RAM GB 4. Niliambiwa nizime pagefile ili iwe nyepesi. Sasa nikifungua Chrome na Excel pamoja, zinajifunga zenyewe. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Irudishe leo, uiachie Windows ipange ukubwa wake. Pagefile ni faili kwenye diski: RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, ikijaa, humo ndimo Windows inamohamishia vitu visivyotumika kwa wakati huo. Ukiizima, vinakosa pa kwenda. Inaniuma watu wanavyopoteza kazi zao kwa ushauri huu. Badala yake bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, tafuta orodha ya programu zinazojiwasha na mashine, zima usizozihitaji. Antivairasi usiizime. Na kama diski ni ile ya kuzunguka, unaisikia ikikwaruza ukiwasha, nunua SSD kwanza, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi.