Maswali na majibu: Panya shamba na ugomvi wao

*Bwana shamba, konde langu la mahindi limejaa mashimo. Hawa panya hawagombei mipaka? (Msomaji, Kilosa)*

Kwa Kilosa, hao bila shaka ni panya shamba, na mipaka kwao haina maana. Madume kwa majike huzurura maeneo yanayoingiliana, na wakiongezeka, maeneo yanazidi kuingiliana, vita havizuki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na wenzao wa Ubelgiji wameshinda miongo kadhaa wakiwanasa, kuwatia alama na kuwaachia, ndipo hayo yakajulikana. Uvumilivu huo ndio unaotuponza sisi wakulima. Jike ana chuchu zinazoweza kufika 24, anazaa watoto 10 hivi kwa mkupuo, na hakuna mwenye eneo wa kuwafukuza wakikua. Masika ikiisha unaweza kukuta panya wachache tu kwenye hekta. Kufikia vuli, mwaka mbaya, ni mamia.

*Niliwatia wawili kwenye debe. Asubuhi mmoja kaliwa kichwa! Uvumilivu gani huo?*

Debe si shamba, ndugu yangu. Porini anayezidiwa hutimua mbio na ugomvi umekwisha. Ndiyo maana panya aliyepigwa na wenzake mara nyingi ana majeraha matakoni na mkiani: aliumwa akikimbia. Ndani ya debe atakimbilia wapi? Ongeza njaa na kiu ya usiku kucha. Na tafadhali, usiwashike kwa mikono mitupu, wana magonjwa.

*Ni kweli dume hula watoto?*

Kwa panya wadogo wa nyumbani, ndiyo: dume mgeni huua vichanga asivyovizaa. Ila akishapanda jike, baada ya wiki tatu hivi, muda ambao watoto wake wangezaliwa, huacha tabia hiyo na hata kuwalea. Jike anayenyonyesha naye si wa kuchezewa. Humrukia dume bila onyo.

*Nikitega sumu shambani kwangu peke yangu, itatosha?*

Utapoteza hela. Ukiua wa kwako, wa jirani wanahamia bila kupingwa na yeyote. Kubalianeni majirani wote mtege kwa pamoja kabla ya kupanda, maana hasara kubwa ni mbegu kufukuliwa, tangu siku ya kupanda hadi mche utimize wiki mbili hivi.