Ukumbi wenu umewekwa mahali pabaya

SWALI: Dada msanifu, salamu. Sisi ni kaya 24, wapangaji wa miaka mingi, tumechangishana tukanunua kiwanja mjini. Tunataka nyumba ndogo za ghorofa mbili zizunguke ua mmoja, tuwe na ukumbi na chumba cha kufulia vya pamoja. Ramani ya kwanza, niliyoambatisha, imeweka ukumbi nyuma kabisa, ukutani. Baadhi ya wenzangu wanasema cha wote hakina mwenyewe, bora ukumbi ufutwe na kila mtu aongezewe chumba. Je, kweli tunaokoa kitu, au tunajitafutia ugomvi tu? – Katibu wa kikundi

JIBU: Ndugu Katibu, ukumbi msiufute, ila uhamisheni. Kwenye ramani yenu mtu akiingia getini anakata kushoto, anapanda ngazi, anafunga mlango wake. Ukumbi hauoni kabisa. Atakayefika huko ni yule aliyepanga kwenda, na mtu aliyerudi kazini amechoka hapangi safari ya kwenda kukaa ukumbini.

Nalisema hili kwa uchungu, maana kosa hilo nimelichora kwa mkono wangu. Miaka 11 iliyopita nilisanifu nyumba za kaya 18, ukumbi nikautupa nyuma ya matangi ya maji kwa sababu ndipo palipobaki. Niliporudi baada ya miaka miwili, ufunguo ulitafutwa kwa watu watatu. Ndani nilikuta vitanda vibovu, mifuko minne ya saruji iliyoganda, na ukutani ratiba ya usafi ya mwezi wa kwanza isiyo na jina hata moja. Nikatoka nje. Penye karo la kufulia, wamama wanne na kijana mmoja walikuwa wamekalia ndoo zilizopinduliwa, wanazungumza, nguo zimeshakamuliwa zamani na hakuna anayeondoka. Ukumbi wao walikuwa nao tayari, tena juani. Tuliezeka pale, tukajenga benchi la zege la mita sita kando ya karo, na kile chumba cha nyuma kikawa stoo.

Kwa hiyo chumba cha kufulia na ukumbi viwekeni pamoja, kati ya geti na ngazi, mahali ambapo kila mtu lazima apite. Dirisha la ukumbi litazame njia, mtu aone nani yumo kabla hajaingia. Na aweze kupita bila kuingia, maana kuna siku mtu hataki kusalimia mtu. Ndiyo sababu jiko na choo kila nyumba iwe na vyake. Denmark, ambako makazi ya Sættedammen yalianza mwaka 1972 na kufungua njia kwa mengi ya aina hiyo, kila kaya ina nyumba kamili yenye jiko lake, na nyumba ya pamoja inakuja juu ya hapo.

Sasa hesabu. Hicho chumba ambacho wenzako wanataka kuongezewa, kiwe cha mita za mraba 10. Mara 24 ni mita 240. Wengi wanakitaka kwa ajili ya wageni wanaokuja mara chache kwa mwaka. Jengeni vyumba viwili vya wageni vya pamoja, mita 20, mvikodishe kwa zamu. Mita 220 hamtazichimbia msingi, hamtazinunulia nondo wala bati. Ukumbi wa mita 90 na chumba cha kufulia cha mita 25 vinaenea humo, na bado mnabakiwa na mita 105 ambazo hamkujenga. Lakini anayetaka chumba cha ziada na ukumbi pia, aambiwe waziwazi kwamba hapo hakuna kilichookolewa, mmeongeza gharama.

Si jambo la majaribio hili. Makazi ya Karl-Marx-Hof, jijini Vienna, Austria, yalifunguliwa mwaka 1930 yakiwa na nyumba 1,382 za wafanyakazi. Ndani zilikuwa ndogo, ila palikuwa na sehemu za kufulia, mabafu na chekechea za pamoja, na majengo yalichukua chini ya sehemu moja ya tano ya kiwanja, kilichobaki kikawa nyua na bustani. Watu wanaishi humo mpaka leo.

Maji nayo yanafuata hesabu hiyohiyo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 400 likipata mvua ya milimita 20 linateremsha lita 8,000, ukitoa kidogo kinachopotea. Tangi moja kubwa la pamoja linatosha kusafisha vyoo na kumwagilia bustani. Matangi 24 madogo yatawalia nafasi na bado yatafurika.

Kuhusu ugomvi, upo, sikufichi. Nchini Uruguay, vyama vya ushirika vinavyojenga kwa kusaidiana, vilivyopewa nguvu na sheria ya nyumba ya mwaka 1968, kila kaya hutoa saa kama 21 za kazi kwa wiki kwenye ujenzi, na katika vyama vingi hakuna anayejua nyumba ipi ni yake hadi zikamilike. Ukuta unaoupiga plasta leo huenda ukawa wa jirani, kwa hiyo unaupiga vizuri. Ugomvi mwingi unamalizwa hapo, kabla ya kuhamia.

Ninyi hata mkitumia mkandarasi, yaandikeni haya mapema: kila nyumba iwe na mita yake ya maji na umeme, na vya pamoja viwe na mita yao. Mfuko wa matengenezo uanze mwezi wa kwanza, si siku pampu itakapokufa. Na hati ya kiwanja ibaki kwa jina la ushirika, anayehama aurudishie ushirika nyumba kwa bei ya kanuni mliyokubaliana. Hili la hati nawasihi msiliahirishe. Mkiliacha wazi, wenye fedha watazinunua nyumba hizo moja baada ya nyingine, na watoto wenu watarudi kupanga.

Kabla hamjairudisha ramani, nendeni kiwanjani na mfuko wa chokaa. Chora geti, ngazi na ukumbi kwa ukubwa wao halisi. Kila mtu, wazee na watoto wakiwemo, atembee kutoka getini hadi mlangoni kwake akiwa na ndoo mkononi. Mtakapopishana sana, pigilieni vigingi, kisha mwiteni msanifu wenu aje apime kuanzia hapo.