Binti yetu kakalishwa kitini, upanga juu ya kichwa

*Barua zenu kwa Mwalimu, Moshi*

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mdogo wangu ni nesi, yuko Wales, kule Uingereza, na familia yake. Mwezi wa tatu alinitumia picha za binti yake wa miaka 15. Katika picha moja mtoto amesimama mbele ya kiti kikubwa cha mbao, watu wawili wameshika upanga juu ya kichwa chake, na wanafunzi wenzake wamebandika maua ya njano vifuani. Mdogo wangu anaandika kwa furaha kwamba binti "ameshinda kiti". Nikamuuliza zawadi ni shilingi ngapi, akasema hakuna pesa. Ameandika shairi tu, tena si kwa Kiingereza bali kwa lugha ya wenyeji wa huko. Mama yetu tangu aone picha hana usingizi, anasema mjukuu wake ameingizwa kwenye mambo ya mizimu. Nimjibu nini?
*Mama mkubwa, Pasua, Moshi*

JIBU: Marahaba, mama. Anza na bibi. Mwambie hakuna mizimu hapo, na upanga ule hauchomolewi ukatoka wote alani. Unatolewa nusu, mwongoza sherehe anauliza kwa sauti kuu, "Je, kuna amani?" na ukumbi mzima unaitikia, "Amani!" Anauliza mara tatu, wanaitikia mara tatu, upanga unarudishwa, ndipo mtoto anaketi. Bibi akishajua hilo atalala.

Sherehe yenyewe inaitwa Eisteddfod. Ni mashindano ya sanaa, na shule nyingi za sekondari za Wales huyafanya karibu na tarehe 1 Machi, sikukuu ya Mtakatifu David, msimamizi wa nchi yao. Ndiyo maana umeona maua ya njano. Wengine hubandika liki, hii hii tunayopikia mchuzi. Shule hugawanywa katika makundi, kama sisi tulivyokuwa na mabweni yenye majina ya mashujaa, na kila kundi hukusanya alama. Watoto hughani mashairi, huimba peke yao na kwa kwaya, hucheza ngoma zao. Kazi nyingine hupelekwa kabla ya siku yenyewe: michoro, picha, mapishi, ushonaji, insha.

Nimeyaona haya kwa macho yangu, maana mwanangu anafanya kazi Cardiff, mji mkuu wa Wales, na mjukuu wangu anasoma huko. Kilichonishika ni hicho kiti alichoshinda binti yenu. Anayetaka kukigombea hupeleka shairi lake kwa lakabu, kama malenga wetu walivyozoea, na jina halisi hufungwa ndani ya bahasha. Jaji hajui anasoma kazi ya nani. Hajui kama ni mtoto wa daktari au wa mfagiaji, wala kama amezaliwa huko au ametoka Pasua. Siku ya siku jaji anapanda jukwaani na kueleza mbele ya watu shairi lililoshinda lina uzuri gani, mstari upi umemgusa, na wapi mwandishi angeweza kukaza zaidi. Kisha inatajwa lakabu tu. Tarumbeta inapigwa. Watoto mia kadhaa wanageuza shingo wakitafuta ni nani kati yao, na katikati ya safu mmoja anasimama taratibu. Nilimwona msichana mmoja akivuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole, rafiki yake kando ameziba mdomo kwa viganja viwili, maana hata yeye alikuwa hajaambiwa. Wakamfuata pale alipo, wakamshika mikono huku na huku, wakampandisha jukwaani.

Kwa hiyo, mama, ukisikia hakuna pesa usidhani zawadi ni ndogo. Wale watu wanagawa viti kwa washairi tangu mwaka 1176, mtawala aliyeitwa Rhys ap Gruffydd alipoita washairi na wanamuziki kwenye ngome yake ya Cardigan. Hadi leo, kila Agosti, taifa zima lina Eisteddfod yake kubwa yenye kiti chake. Mwaka 1917 lakabu ya mshindi iliitwa na hakuna aliyesimama. Mshairi, kijana mchunga kondoo anayejulikana kwa jina la Hedd Wyn, alikuwa ameuawa vitani tarehe 31 Julai, wiki chache kabla. Kiti chake kikafunikwa kitambaa cheusi, na mpaka leo watoto wa Wales wanafundishwa habari zake. Heshima ya kiti imetoka huko.

Safari ya binti yenu inaweza kuendelea. Kuna chama cha vijana kiitwacho Urdd Gobaith Cymru, kilichoanzishwa mwaka 1922, ambacho kina Eisteddfod yake ya watoto na vijana tangu mwaka 1929. Watoto wanashindana kwenye eneo lao, wanapanda ngazi ya mkoa, na washindi wanakutana kitaifa mwishoni mwa Mei. Waliopitia UMISSETA, michezo ya shule zetu za sekondari, wanaijua njia hiyo: shule, wilaya, mkoa, taifa.

Sasa hiyo lugha. Umeandika "si kwa Kiingereza" kama mtu anayesikitika kidogo, na hapo naomba tukae. Katika karne ya 19, mtoto wa Wales aliyekutwa akisema Kiwelisi shuleni alivishwa kipande cha mbao shingoni. Alikivaa mpaka apatikane mwenzake aliyeteleza, amvishe yeye, na aliyekutwa nacho jioni alichapwa. Wewe na mimi tunajua shule za hapa hapa Moshi na Arusha ambako mtoto anavishwa kibao kwa kusema Kiswahili. Wenzetu waliona mbao ile ilichowafanya. Leo Kiwelisi ni somo la lazima katika shule za serikali mpaka miaka 16, ziko shule zinazofundisha masomo yote kwa lugha hiyo, na serikali yao imeweka lengo la kufikia wasemaji milioni moja ifikapo mwaka 2050. Sensa ya 2021 iliwakuta kama 538,000. Mjukuu wa bibi wa Pasua sasa ni mmoja wao, na amewashinda wengi waliozaliwa ndani ya lugha hiyo. Mpigie simu mwenyewe, si mama yake. Mwombe akusomee shairi lake kwa Kiwelisi, hata kama hutaelewa neno, kisha akueleze linasema nini. Na bibi awe karibu na simu.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika sekondari moja hapa Arusha. Kila mwaka tunaita kumi bora, tunawapa madaftari na mikebe ya hesabu, wazazi wanapiga makofi, basi. Waliobaki zaidi ya mia mbili wanakaa juani kwa muda wa saa nne wakitazama. Mkuu wa shule amenipa ruhusa ya kubadilisha, lakini bajeti haitaongezwa. Nianzie wapi?
*Mwalimu wa taaluma, Sakina, Arusha*

JIBU: Salama, mwalimu mwenzangu, na hongera kwa kupata ruhusa. Umepata lililo gumu.

Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora mwaka 2023, kwa hiyo usiogope kwamba shule yako itaonekana imelegea. Wenye kufaulu darasani wapongezwe, tena sana. Mtoto aliyetoka alama 20 za fizikia akafika 60 naye aitwe, na isemwe wazi kwamba alitoka 20 akafika 60. Ila milango iwe mingi. Tangaza miezi miwili kabla: shairi, mchoro, insha, kwaya, ngoma, mapishi, kifaa alichobuni mwanafunzi, picha aliyopiga kwa simu ya nyumbani. Kazi za kuandika ziletwe kwa lakabu, ukazifungie kabatini na majina kwenye bahasha.

Kwa majaji, tumia watu wa nje ya shule. Arusha imejaa mafundi, wachoraji wa maduka ya watalii, viongozi wa kwaya za makanisa, walimu wastaafu. Waombe jambo moja tu: kabla jina halijaitwa, jaji aseme kwa dakika mbili kazi hiyo ina nini. "Amefanya vizuri sana" haitoshi. Aseme, "Huyu amechora Mlima Meru asubuhi, na kivuli amekiweka upande unaostahili." Mtoto akisikia hivyo mbele ya watu atalikumbuka neno hilo akiwa mtu mzima, na wale waliokaa watajua mwakani wafanye nini. Hilo halina gharama yoyote.

Kiti unaweza kupata. Mwombe seremala wa mtaani kwako akitengeneze kimoja kizuri kwa mbao iliyobaki, kibaki cha shule, na kila mwaka jina la mshindi lichongwe mgongoni. Upanga waachie Wawelisi. Tuna ngoma na tuna vigelegele.

Kuna jambo linaniuma kwenye sherehe zetu na nitalisema. Ni yale mashada ya karatasi za kumetameta. Mtoto mmoja anavishwa na baba, mama, shangazi na majirani mpaka uso hauonekani, na aliye kando yake, ambaye mama yake ameshindwa kuacha meza ya ndizi sokoni siku ya mnada, amesimama shingo tupu akitabasamu kwa shida. Nimewaona wengi mno. Toeni sheria kwamba kila anayeitwa avishwe shada moja, la shule, kwa mkono wa mwalimu wake. Wazazi wenye mashada yao wawavishe watoto getini baada ya sherehe. Watanung'unika mwaka wa kwanza. Vumilia.

Na wale wanaojitolea usiwasahau. Wales, kama kwingineko Uingereza, vijana kuanzia miaka 14 hufanya tuzo iliyoanzishwa mwaka 1956 kwa jina la Duke wa Edinburgh, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili, yenye shaba, fedha na dhahabu. Kijana anahudumia jamii, anafanya mazoezi ya mwili, anajifunza stadi, na anasafiri kwa miguu porini akilala kwenye hema. Mwanafunzi wako anayemsomea bibi asiyeona kila Jumamosi amefanya kazi ya namna hiyo bila cheti. Mwandikie cheti.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha pili. Nilishinda mbio za mita 1500 wilayani lakini shuleni hawakunitangaza, na baba anasema mbio ni kupoteza muda. Nifanyeje?
*Mwanafunzi, Arusha*

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera sana. Nimekutangaza mimi hapa: umeshinda mita 1500 za wilaya yako. Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, aliweka rekodi ya dunia ya mbio hizo hizo mwaka 1974 kule Christchurch, na baadaye akaanzisha shule. Mwaka 2025 Alphonce Simbu alileta dhahabu ya marathoni ya dunia kutoka Tokyo. Msimulie baba habari zao akiwa ametulia, baada ya chakula. Kisha mwonyeshe ratiba yako kwa maandishi: saa za mazoezi, saa za kusoma, na alama unazokusudia kupata kwenye mtihani wa kidato cha pili. Mwalimu wa michezo aweke sahihi chini yake, na umwombe baba naye aweke yake.