Visima vidogo vya Delta ya Niger: maswali yenu na majibu

Jamaa yangu wa Port Harcourt, Nigeria, ana leseni ya eneo dogo la mafuta, anatafuta wabia. Niingie? (Msomaji, Dubai)

Swali hili linakuja mara kwa mara, na kila anayeliuliza huacha yale ya maana. Kuna kisima kilichokwisha kuchimbwa? Mafuta yatatokaje kwenye vinamasi hadi melini? Kati ya wabia, nani mwenye kauli? Kama hujui, usitoe hata senti.

Leseni si mafuta. Mwaka 2003 Nigeria iligawa maeneo 24 kwa kampuni 31 za wazawa. Ni maeneo ambayo kampuni kubwa za kigeni ziliyagundua zikayaacha kwa kuwa hayakuzilipa. Eneo dogo jingine, Ogbele, jimboni Rivers, lilianza kuzalisha 2005. Lakini mengi yalikaa na makaratasi yake miaka nenda rudi, hadi Aprili 2020 serikali ilipofuta leseni 11.

Ukaja mnada wa 2020: maeneo 57, kampuni zilizopewa 161. Maana yake, mara nyingi eneo moja liliangukia mikononi mwa kampuni mbili, tatu au zaidi ambazo hazikuchaguana, zikatakiwa kuunda kampuni moja ya pamoja. Nauona huu kuwa mpango mbovu kuliko yote katika sekta ile. Mmoja ana fedha, mwenzake ana wahandisi, wa tatu ana hisa tu, na wote wanataka kuongoza. Benki gani itawakopesha? Kabla ya kuoneshwa ramani ya miamba, dai uoneshwe mkataba wa wabia.

Serikali huwapunguzia mrabaha (fungu la mafuta wanalolipa serikalini) hao wadogo? (Nairobi)

Ndiyo. Kwa sheria ya mafuta ya 2021 hulipa asilimia 5 kwa mapipa 5,000 ya kwanza kwa siku na asilimia 7.5 kwa 5,000 yanayofuata, wakati kiwango cha kawaida cha nchi kavu ni 15. Nafuu hiyo haimsaidii asiye na njia ya kusafirisha.

Kwa nini wasijenge bomba lao wenyewe? (Dodoma)

Kwa sababu bomba la kukatiza mito na mikoko linaweza kugharimu kuliko visima vyenyewe. Kwa hiyo mdogo huunganisha kibomba chake kwenye bomba la mkubwa, na shida zote za bomba hilo zinakuwa zake. Likitobolewa na wezi, upungufu hugawanywa kwa wote walioingiza mafuta. Februari 2016 bomba la chini ya bahari la Forcados, kituo cha kupakia mafuta melini, lilipolipuliwa, mauzo yalivurugika kwa zaidi ya mwaka, na wazalishaji wadogo waliokuwa na mafuta tayari wakafunga visima huku mishahara na riba vikiendelea kudaiwa.

Wengine sasa hupakia kwenye matishari. Ni ghali, lakini wanajua mafuta yao yako wapi.

Njia ninayoipigia debe siku zote ni kuyatumia palepale. Ogbele walijenga kiwanda cha kusafisha mapipa 1,000 kwa siku wakitoa dizeli, baadaye wakakipanua hadi 11,000, na gesi yao wanaiuza kwa kiwanda cha gesi ya kimiminika cha Bonny badala ya kuichoma. Ibigwe, jimboni Imo, walizindua kiwanda cha mapipa 5,000 Novemba 2020. Hao ndio wa kuigwa.

Eneo likiwa dogo, si na uharibifu unakuwa mdogo? (Kisumu)

Hapana, na nawasihi muache kulisema hili. Novemba 2021, huko Nembe jimboni Bayelsa, kisima ambacho hata hakikuwa kikizalisha kilimwaga mafuta na gesi mtoni kwa takribani mwezi mzima. Kisima kimoja! Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2011 ilisema usafishaji wa Ogoni, eneo la Delta lililochafuliwa na mafuta, unaweza kuchukua miaka 25 hadi 30. Mvuvi hana muda huo. Kampuni ndogo ikifilisika, nani ataziba visima? Sheria sasa inadai fedha za kufungia visima ziwekwe akiba mapema. Ufuatiliaji wake ndio wa kukazia macho.

Wenyeji wanapata nini? (Mombasa)

Kila mwenye leseni anatakiwa kuchangia mfuko wa wenyeji asilimia 3 ya gharama zake za uendeshaji za mwaka uliotangulia. Ila mitambo ikihujumiwa, gharama za matengenezo hukatwa humohumo. Kifungu hiki ni dhuluma. Mama anayeokota chaza anakatwa kwa kosa la watu wenye silaha waliopita usiku.

Sisi Tanzania tuna mabonde ya Rufiji na Ruvuma. Tuige Nigeria? (Mtwara)

Wewe wa Mtwara unalo jibu mlangoni. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982 ikakaa zaidi ya miaka 20, si kwa kukosa gesi, bali kwa kukosa mnunuzi. Ilianza kutumika ilipopatikana kazi ya karibu: umeme wa Mtwara na Lindi.

Tuige kuwapa wazawa maeneo madogo, kwa muda maalumu, na asiyechimba anyang'anywe. Tusiige kuwafunga pamoja wasiojuana. Na kabla mtu hajagusa mikoko ya Rufiji, alete pamoja na maombi yake jina la mnunuzi na ushahidi wa fedha za kufungia visima. Asipokuwa navyo, maombi yarudishwe siku hiyohiyo.