Subaru inagoma kukata kona: giaboksi isubiri, tuanze na matairi ya mbele

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza WRX ya 2005, gia za mkono, matairi 215/45 rimu za inchi 17. Nikitoka Kasulu kushuka Kigoma, kwenye zile kona ndefu nikiwa spidi 70 hivi, nakata stelingi lakini pua ya gari inateleza kwenda nje. Nikikanyaga mafuta ili linyooke, ndiyo kwanza inazidi. Aliyekuwa na gari kabla yangu alilishusha kwa kukata springi za mbele. Juzijuzi nilinunua matairi mawili mapya nikayafunga nyuma, mbele yapo yale ya zamani. Fundi mmoja kaniambia difu ya kati imekufa, nitafute giaboksi nzima. Mwingine kasema nifunge stabilaiza nene nyuma, kazi imekwisha. Nimfuate yupi? Na inakuwaje gari linalovuta matairi yote manne lifanye hivi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Giaboksi usinunue, na stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale sana kwenye kona, nayo iache kwanza. Hao wanaweza kuwa mafundi wazuri tu, ila wamekutajia spea kabla hawajainama kuyatazama matairi ya mbele, wakati katika maelezo yako mwenyewe kuna mambo mawili yanayogusa pua moja kwa moja: matairi yamechoka mbele, springi zimekatwa mbele.

Nianze na swali lako la mwisho, maana linawaponza wengi wanaonunua Subaru wakiamini kwamba haitelezi. Tairi lina kiasi chake cha mshiko, na kiasi hicho kinagawanywa. Likitumia kingi kuvuta gari, kinachobaki cha kukata kona ni kidogo. Mtu aliyeshika dumu la mawese kwa mkono hawezi kufungua mlango kwa mkono huohuo. Kuvuta kwa matairi manne kunakusaidia sana kuondoka, kupanda njia ya udongo mwekundu mvua ikinyesha, na kutoka kwenye kona bila tairi kuzunguka bure kirahisi. Kwenye kukata kona na kufunga breki, una matairi manne tu kama mwenye Corolla.

Tena gari lako limeumbwa zito mbele. Injini ya WRX imekaa mbele ya ekseli ya mbele, na karibu asilimia 60 ya uzito wa gari iko upande huo. Kwa gia za mkono, difu ya kati inagawa nguvu nusu mbele, nusu nyuma. Kwa hiyo matairi ya mbele yanabeba uzito mkubwa, yanaongoza, yanavuta, na yanafanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Ukikanyaga mafuta katikati ya kona, uzito unarudi nyuma na mbele kunakuwa kwepesi, papo hapo unayadai matairi yaleyale yavute zaidi. Lazima pua itoke nje.

Sasa, kabla ya spana yoyote, lazima ujue gari linagoma sehemu gani ya kona. Hapa ndipo mafundi wengi wanaporuka, na mimi napaona pana thamani kuliko mashine yoyote ya kupimia. Likigoma mwanzoni, pale tu unapogeuza stelingi, mara nyingi umeingia na spidi kubwa au bado unakanyaga breki huku unakata, au shokapu za mbele zimekufa. Likigoma katikati, mguu umetulia, stelingi imetulia, halafu gari taratibu linajisogeza nje, hilo ni suala la matairi, mlalo wa tairi (yaani linavyoinamia ndani au nje), springi na stabilaiza. Likishika vizuri mpaka pale unapoongeza mafuta ya kutokea, ndipo likaachia, hapo unaweza kuanza kuziwazia difu. Difu ya mbele ya WRX ya kawaida haina kizuizi, kwa hiyo tairi la ndani la mbele likiwa jepesi linaweza kuzunguka bure na nguvu ikapotelea hapo.

Wewe unasema kwenye kona ndefu linateleza hata kabla hujaongeza mafuta, kisha mafuta yanazidisha. Hilo ni tatizo la katikati ya kona. Mafuta yanaliweka wazi tu.

Nenda kwenye tairi la mbele la kushoto, kata stelingi mpaka mwisho ili ulione vizuri, uweke kiganja juu ya kashata, yaani yale meno ya tairi yanayokanyaga barabara. Kipitishe kutoka ndani kwenda nje, kisha kirudishe. Kama upande mmoja ni laini na kurudi kunakwaruza kama msumeno, tou imeharibika, yaani matairi ya mbele yanatazamana au yanaachana kupita kiasi. Angalia bega la nje: likiwa limelika na kuwa la mviringo wakati ndani bado kuna kashata, tairi linasimama wima mno na kwenye kona linakunjikia nje. Mabega yote mawili yakilika na katikati kukabaki, umekuwa ukitembea na upepo mdogo. Halafu soma tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni. 2314 maana yake tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la umri huo linaweza kuwa na kashata nzuri kabisa machoni, lakini mpira wake umekauka, na kwenye lami yenye maji halishiki. Matairi ya mtumba tunayouziwa mengi ni ya namna hiyo, na inanisikitisha kuona mtu ana gari la zaidi ya nguvu za farasi 200 analikabidhi kwa mpira uliokwisha uhai.

Upepo pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa geji yako mwenyewe, na ufuate kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Baada ya hapo tumia chaki ya shule. Chora mstari mnene unaoanzia kwenye kashata, ukapita bega la tairi, ukaishia ubavuni, sehemu tatu kwenye kila tairi la mbele. Piga kona kadhaa kwenye uwanja mpana usio na watu, kisha shuka uangalie. Kwenye bega la matairi mengi kuna alama ndogo ya pembetatu. Chaki ikifutika mpaka karibu nayo, upepo uko sawa. Ikifutika kuipita na kuingia ubavuni, tairi linajikunja: ongeza upepo wa psi 2 au 3 mbele, uchore tena. Ikiwa umeongeza na bado linajikunja, mlalo wa tairi ndio wa kurekebisha.

Kuhusu yale mawili mapya. Kwa gari la kawaida ulifanya sawa kuyaweka nyuma, maana mkia ukiteleza ni hatari kuliko pua. Kwa gari lako, hapana, na sababu ni difu ya kati. Tairi jipya lenye kashata ya milimita 8 na lililobakiwa na milimita 2 vinatofautiana milimita 6 kutoka katikati ya gurudumu, ambazo kwenye mzunguko zinakuwa karibu milimita 38. Subaru wanataka tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo, na kila milimita moja ya kashata inakula kiasi hicho chote. Ndani ya difu ya kati kuna sahani nyembamba zilizozama kwenye mafuta mazito ya silikoni. Matairi ya mbele yakiwa madogo, sahani hizo zinazunguka kwa kasi tofauti hata ukiwa kwenye barabara iliyonyooka, mafuta yanapata moto kupita kiasi, na mwisho difu inajifunga. Kwa hiyo fundi wa giaboksi anaweza kuja kuwa sahihi baadaye, kwa sababu ya matairi hayohayo.

Kujua kama imeshakufa hakuhitaji kufungua kitu. Endesha nusu saa gari lipate moto, nenda mahali tambarare, kata stelingi mpaka mwisho, weka gia ya kwanza, achia klachi, usikanyage mafuta. Gari lenye difu nzima litazunguka kwa ulaini. Likirukaruka, likiguna chini, au likitaka kuzima kama umeshika breki, difu imejifunga. Lisipofanya hivyo, aliyekutajia giaboksi hana hoja. Kwa vyovyote, nunua mengine mawili ya aina na saizi ileile ili yote manne yalingane. Huo ndio ununuzi wa kwanza.

Springi zilizokatwa ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Springi ikikatwa inakuwa fupi na ngumu, na shokapu inabaki na nafasi ndogo ya kushuka. Gari likilala kwenye kona, shokapu ya nje inafika kwenye raba ya kuzuia, mbele kunakuwa kugumu ghafla kama hakuna springi, tairi la nje linaelemewa na kuachia. Inua kifuniko cha vumbi uangalie raba hiyo: ikiwa imepondeka au imepasuka, umeshapata sehemu ya jibu. Kisha gari likiwa chini, chungulia lowa amu, ule mkono wa chini unaounganisha gurudumu na bodi. Upande wa tairi unapaswa kuwa chini kidogo ya upande wa bodi, au walau sawa nao. Ukiwa juu, basi kila gari linapolala tairi la nje linasimama vibaya, na hakuna stabilaiza itakayolitibu hilo. Rudisha springi za kiwandani za WRX, jozi, hata za mtumba. Gari litaonekana refu kidogo, lakini litakata kona.

Springi zikishakaa, pima mlalo. Kama huna alaimenti ya kompyuta karibu, uzi na timazi vinatosha. Egesha pahali tambarare kabisa, stelingi imenyooka, ning'iniza timazi mbele ya gurudumu na upime nafasi kati ya uzi na ukingo wa rimu juu, kisha chini. Kwa rimu ya inchi 17 ukingo una kama sentimita 46, kwa hiyo tofauti ya milimita 8 ni digrii moja. Unataka juu iingie ndani kwa milimita 8 hadi 12, pande zote mbili sawa. Bolti ya juu inayofunga shokapu kwenye nako, kile chuma kinachobeba gurudumu, ina kichwa cha kurekebishia mlalo. Ilegeze, izungushe, sukuma tairi ndani, kaza. Ukishaigusa hiyo, tou inabadilika, lazima uiweke upya. Kwa gari la barabarani weka sifuri, matairi yasitazamane wala yasiachane.

Wakati haya yanafanyika, endesha kwa namna inayoisaidia pua. Breki ikamilike kwenye sehemu iliyonyooka, uiachie taratibu unapoanza kukata ili uzito ubaki mbele. Ingia kona na 60 badala ya 70: nguvu inayolisukuma gari nje inapungua kwa zaidi ya robo, kwa kuwa inakwenda na spidi mara spidi. Pua ikianza kuteleza, punguza mafuta polepole na urudishe stelingi kidogo mpaka uhisi tairi limeshika tena. Wengi huongeza kukata, na hapo tairi linakwangua tu lami. Kwenye mteremko ule mvua huacha mchanga na udongo katikati ya kona, na malori yanakuja upande wa pili. Majaribio yote yafanyie uwanjani, kamwe si pale.

Stabilaiza nimeiacha mwisho kwa makusudi. Ni kweli kwamba nene ya nyuma inapunguza kuteleza kwa pua, kwa sababu inahamishia sehemu ya mzigo wa kona kwenye matairi ya nyuma. Lakini ugumu wake hauendi kwa hesabu ya kawaida: kutoka milimita 20 kwenda 22 unapanda karibu asilimia 46. Ukiifunga juu ya matatizo ya mbele, na siku ya mvua ukaachia mafuta ghafla katikati ya kona, mkia unachomoka. Kabla ya kuinunua, ingia uvunguni utikise kwa mkono linki za stabilaiza ya nyuma, vile vyuma vifupi vinavyoishika kwenye ncha zake. Ikiwa moja imekatika au inacheza, stabilaiza uliyonayo sasa haifanyi kazi, na linki mpya mbili ni bei ndogo sana. Kama baada ya matairi manne, springi, mlalo na linki bado pua inatoka nje kwa spidi ileile, hapo funga ya milimita 22, isizidi hapo, na uvikague kwanza vishikio vyake kwenye bodi, maana bati lake ni jembamba na hupinda au kupasuka stabilaiza ikiwa nene.