Jibu: Nextcloud kwa data za mikorosho

Ndugu, umeuliza kama Nextcloud (programu ya kuhifadhi na kugawana mafaili) kwenye seva yenu hapo Mtwara inafaa kugawana picha na vipimo vya mikorosho na wenzenu wa Nachingwea. Inafaa, lakini kulandanisha (kufananisha mafaili kwenye kompyuta zote) siyo nakala rudufu: msaidizi mwenye ruhusa ya kufuta akifuta faili ndani ya folda mnayogawana kwenye laptopu yake, linafutika kwa wote. Pipa la taka la Nextcloud kwa kawaida hushika siku 30, na nafasi ikibana hutupa mapema. Kwa hiyo kila usiku washa hali ya matengenezo, inayozuia watumiaji kwa muda (kwenye seva andika amri php occ maintenance:mode --on), nakili folda ya data, config.php (faili la mipangilio) na hifadhidata (inayoweka orodha ya mafaili) kwa pamoja kwenye diski ya nje, kisha zima hali hiyo. Nasema kwa pamoja kwani ukirudisha hifadhidata ya zamani kuliko folda ya data, mafaili mapya hayataonekana. Kwa data ghafi, wape wenzenu ruhusa ya kusoma tu. Na UPS (betri ya kushikilia umeme) tafadhali, umeme ukikatika ghafla hifadhidata huweza kuharibika.