Ngazi haivunjiki, lakini inanesa: niongeze unene wa bomba?

SWALI: Mhandisi, mimi ni fundi wa kuchomelea. Nimetengeneza ngazi ya kuegemeza ya mita 6 kwa skwea paipu ya 40 kwa 40, unene mm 2, ya kupandia mnara wa tangi la maji. Tumeining'inia watu wawili, haikuvunjika. Lakini kijana wa mteja akifika katikati anashuka, anasema inanesa. Nikirudia kwa bomba la mm 3 itatulia?

JIBU: Fundi, kijana huyo msimlazimishe. Miguu yake imemwambia kweli. Ngazi yaweza kuwa na nguvu ya kubeba watu wawili na bado ikakosa ukakamavu, na anayepanda hana namna ya kuijua nguvu. Anachokisikia ni ule mneso unaofuata kila hatua.

Ngazi yako ikiwa imesimama sawasawa, miguu yake mita 1.5 hivi kutoka mnarani, mtu wa kilo 80 akifika katikati inapinda kama mm 31. Ukivuta miguu nje zaidi, inazidi. Bomba la mm 3 litakushusha hadi mm 22 tu, na mihimili, yaani yale mabomba mawili marefu ya pembeni, itakuwa mizito zaidi kwa karibu nusu.

Chukua 60 kwa 40, unene uleule wa mm 2, uisimamishe: ukiitazama ngazi kwa ubavu, uone upande wa 60. Hapo inapinda mm 12, na uzito umeongezeka kama robo. Ukikosea ukalilaza bomba hilohilo, unarudi kwenye mm 22. Chuma kilicho mbali na kitovu cha bomba ndicho kinachokataa kupinda. Chuma cha daraja la juu nacho hakikusaidii hapa: kinachelewa kuvunjika, kunesa ni kulekule.

Hiyo uliyokwisha kuichomelea usiikate. Kama itakaa hapo daima, ifunge mnarani juu na chini, halafu weka mkono wa chuma unaoishika mnarani katikati ya kila mhimili. Urefu unaonesa ukiwa nusu, kupinda kunapungua mara nane au zaidi. Utabaki na mm 4 hivi.

Ngazi mpya ipime kabla ya kuikabidhi. Ilaze juu ya matofali kwenye ncha zake mbili, vuta uzi kutoka ncha hadi ncha, pima pengo la katikati, tundika hapo ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, kisha pima tena. Ndoo hiyo inaipinda ngazi iliyolala karibu sawa na huyo mtu wa kilo 80 kwenye ngazi iliyoegemea. Mimi tofauti ya vipimo hivyo viwili ikizidi mm 15 siikabidhi.